Engozi Iliyokwama Kijitoni

Vijana wa chama cha wanaume katika parokia yetu husema chama chao kilianzishwa na padri. Hulisema jambo hilo kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo, ingawa siku hiyo hata baba zao walikuwa hawajazaliwa. Mimi nilikuwepo. Padri alikuwa mbali, upande wa ziwa, na sidhani kama alijua kwamba kilima chetu kipo duniani. Chama kilianza kwa kosa, kando ya kijito, wanaume wazima tumekaa kwenye majani na mama yangu amelala katikati yetu akiuliza tunangoja nini.

Swali lile sikuweza kulijibu, na mimi swali nisilolijibu haliniachi nilale. Ndivyo nilivyoumbwa. Mama alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa sikulia, niliuliza.

Kwetu, upande wa Kaisho, enzi za Wajerumani, mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa engozi. Ni machela ya fito zilizosukwa, imefungwa kwa kamba za migomba kwenye miti miwili mirefu, na wanaume wanne hujitwika mabegani. Jina hilohilo ndilo la ngozi laini ambayo mama humfungia mtoto mgongoni. Niliwahi kumuuliza baba kwa nini kitu cha kumbebea mzee anayekata roho kina jina la kitu cha kumbebea mtoto mchanga. Aliniambia nikachanje kuni.

Kila kilima kilikuwa na engozi yake, ikining'inia chini ya paa la mkuu wake, na mkuu wa engozi ya kilima chetu alikuwa baba. Akipiga pembe, kila mwanamume aliacha alichokuwa anafanya. Aliyekosa kuja bila sababu alileta chungu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na wenzake wakainywa huku wakimsimanga. Aliyezoea kukosa hakuitwa tena kwa lolote, na mkewe akienda kuomba moto kwa jirani aliambiwa umezimika, hata kama moshi ulikuwa unawatoa machozi wote wawili. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyewahi kufikiri kulipwa. Kwa hiyo nikisikia leo kwamba Wazungu ndio waliotufundisha kujitolea, huwa nasonya.

Lakini ilikuwapo sheria moja iliyonisumbua akili. Wanaume wa kilima walimbeba mgonjwa wao mpaka kijitoni tu. Hapo walimshusha. Wanaume wa kilima cha pili, waliokwisha kupelekewa habari, walivuka, wakampokea, wakaendelea naye mpaka kijito kingine. Hata kama njia ilikuwa fupi, hata kama mvua ilikuwa inanyesha, watu hawakuvuka na mgonjwa wao.

Niliuliza sababu kila mahali. Jirani mmoja alisema ni ili mabega yapumzike. Mwingine alisema ukivuka na ugonjwa, unaupeleka ugonjwa kwa watu. Bibi mmoja mkali alisema kijito kina mwenyewe, na akanionya nisirudie swali hilo maji yakiwa karibu. Baba alisema, "Ndivyo inavyofanywa." Nilizikusanya sababu hizo na kuwachekesha nazo vijana wenzangu, maana zilikuwa hazipatani hata mbili.

Kisha wakaja wasomaji. Hivyo ndivyo watu walivyowaita waliojifunza dini, kwa sababu walianza na kusoma. Katekista mmoja alitumwa kwetu kutoka Kiziba, akajenga kibanda cha matete, akawa anafundisha jioni watu wakitoka mashambani. Mimi sikwenda kumtafuta Mungu. Nilikwenda kuona ndani ya kile kitabu kuna nini hata mtu mzima akitazame na kucheka peke yake. Mungu alinikuta hukohuko baadaye, na sina majuto. Nilivishwa medali shingoni, nikaoa, nikawa mtu wa sala.

Baada ya msimu mmoja mama naye akaanza kuja. Alisema anataka kusikia maneno gani hayo yanayoweza kuninyamazisha. Alikaa nyuma, karibu na mlango, na baba alipomuuliza alikuwa wapi alisema alikwenda kuokota kuni. Alirudi bila hata kijiti. Baba alitazama mikono mitupu, akatazama moto.

Kilichotutenganisha na kilima ni matone ya pombe. Kabla engozi haijatoka, baba alichukua rubisi kidogo akaidondosha mbele ya kibanda cha mizimu kilichokuwa uani, na wabebaji wote walisimama nyuma yake. Katekista alisema msomaji hawezi kusimama pale. Tukaacha kusimama. Wenzetu wakasema asiyesimama habebi. Tukasema vema, tutasuka yetu. Tulikuwa vijana wachache wenye medali na vichwa vigumu, na engozi tuliyosuka ilikuwa imelala upande, lakini tuliipenda sana.

Baba alifedheheka. Mkuu wa engozi, mwanawe mwenyewe amejitoa! Siku moja watu wakiwa wamekusanyika kwenye pombe alisimama akasema mbele ya kilima chote, "Aliyetoka kwenye engozi yetu, yeye na wenzake wa kibanda cha matete, hawatalala ndani yake." Ulimi hauna mfupa. Watu waliangalia chini, kwa sababu wote walijua habari za zile kuni.

Ajali yenyewe ilitokea mwanzo wa kiangazi. Kwetu ndizi za pombe huivishwa ndani ya shimo, zimefunikwa majani na udongo. Shimo likishachoka huachwa, na majani huanguka juu yake mpaka lisionekane. Mama alikuwa anakata majani ya kufunikia chungu, akarudi kinyumenyume akivuta jani, akaingia katika shimo la zamani. Nilisikia sauti yake nikiwa upande wa pili wa kibanja, shamba letu la migomba. Tulipomtoa, paja lilikuwa limevunjika, na mguu ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Aliyeweza kuunga mfupa wa namna ile alikaa ng'ambo, kwenye kilima cha upande wa pili wa kijito. Mama asingefikishwa kwake mapema, angekufa kwa homa ya jeraha au angebaki kutambaa maisha yake yote. Tuliwahi kuwaona wa aina zote mbili.

Baba aliingia ndani akatoka na pembe. Akaileta mdomoni. Akaishusha. Akaileta tena, akaishusha tena.

"Piga, Tata," nilimwambia baba.

"Nilisema mbele ya kilima chote."

"Basi ukiambie kilima kije kimuuguze!"

"Nenda kawaite watu wako," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote.

Sijawahi kukasirika vile, kabla wala baada. Nilitaka kumnyang'anya ile pembe niivunje juu ya goti. Lakini mama alikuwa ananiangalia, basi nikakimbia kuwaita wenzangu. Katekista alikuwa amekwenda ziwani kumpokea padri, kwa hiyo tulikuwa sisi wenyewe na medali zetu. Tulimlaza mama kwenye ile engozi iliyopinda, tukajitwika, tukateremka mbiombio tukiimba wimbo wa Bikira Maria ambao tulijua ubeti wake wa kwanza tu.

Tulipofika kijitoni tukamshusha.

Hakuna aliyetoa amri. Mabega yaliinama yenyewe. Tukakaa kwenye majani, tukafuta jasho, tukangoja. Mmoja wetu alitoa buni za kutafuna akatugawia. Kivuli cha mafunjo kilikuwa kimeanza kusogea, mama akafungua macho.

"Mnangoja nini?"

"Tunawangoja watu wa ng'ambo, Mawe," nilimjibu, maana Mawe ndivyo tunavyomwita mama.

"Watu gani?"

Hapo ndipo tulipotazamana. Ng'ambo hakukuwa na msomaji hata mmoja. Na wanaume wa engozi ya kule wasingekuja, kwa sababu aliyepaswa kuwapelekea habari ni mkuu wa engozi wa kwetu, na mkuu wa engozi alikuwa nyumbani ameshika pembe asiyoipiga. Tulikuwa tumeacha pombe, tumeacha mizimu, tumeacha hirizi, tumejisifu kijiji kizima kwamba sisi ni watu wapya, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kukiacha kijito.

"Si tuvuke?" mmoja akauliza. Hakuna aliyeinuka.

Jambo hili hunishangaza mpaka leo kuliko mengine yote. Mimi nilizijua sababu zote za ile sheria, nilizicheka zote, na mguu wangu ulikataa kuingia majini. Mama yangu alikuwa anauma kitambaa ili asilie. Maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni. Bado nilikaa. Niliogopa, na sikujua ninaogopa nini.

Aliyetutoa pale ni Mwungwana. Ndivyo tulivyomwita mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka mahali paitwapo Ndama, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akaoa bara. Alizunguka vilimani kwetu kuuza chumvi na kaniki. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata kwake kabla ya kukipata kitabuni, kwa sababu nilimuuliza bei ya kila kitu bila kununua chochote, naye hakuchoka kunijibu. Siku hiyo alikuwa anateremka na mpagazi wake. Akatuona.

"Jamani, huyu mama ana nini?"

Tukamweleza. Tukamweleza na habari ya kijito. Alisikiliza mpaka mwisho, adabu yake ilikuwa hivyo, kisha akatua mzigo wake kwenye majani akaanza kukunja kanzu.

"Pole, mama," alimwambia mama yangu. Halafu akatugeukia. "Mimi sijui mambo ya kijito chenu. Kwetu jeneza likipita, mwanamume hangoji kuitwa. Atatia bega hatua chache, apate thawabu yake, kisha ampishe mwenzake. Haulizwi ni wa ukoo gani. Sasa kama maiti anabebwa hivyo, huyu aliye hai amekosa nini?"

Akainama akashika ncha ya mti wa mbele, akaiweka begani, akasimama akingoja. Engozi haiendi kwa bega moja. Ilitubidi tuinuke, na tulipoinuka yeye alikuwa amekwisha kuingia majini.

Tulipotokea upande wa pili tulikuta watu. Walikuwa wametuona kutoka juu, wakateremka na fimbo, na mbele yao mkuu wa engozi wao, mzee mwenye jicho moja bovu na hasira katika lile zima.

"Nani amewaruhusu kuvuka?"

Nilijua atasema tumewaletea ugonjwa, au tumemkasirisha mwenye maji. Nilikuwa na majibu tayari. Lakini yule mzee alisema jambo lingine kabisa.

"Mbona hamkutuita? Sisi si watu? Kosa letu nini?"

Alikuwa karibu kulia. Nililiona hilo, na katikati ya hofu yangu yote nililiweka akiba kichwani ili nije nilifikirie.

Mwungwana hakumjibu yeye. Alimgeukia kijana mmoja aliyesimama karibu na fimbo yake, akamgusa bega. "Ndugu yangu, bega langu limechoka. Nipokee." Kijana akamtazama mkuu wake. Akamtazama mama. Akaitupa fimbo, akaingia chini ya mti.

Ndipo maji yakasikika nyuma yetu. Baba alikuwa anavuka. Alikuwa ametufuata kwa mbali, ndani ya migomba, tangu nyumbani, na pembe ilikuwa bado mkononi. Alipanda ukingoni amelowa, akanigusa bega kama Mwungwana alivyofanya.

Sikumpisha. Nilikaza macho mbele.

"Mpishe baba yako," mama alisema kutoka ndani ya engozi. "Anayebebwa ni mimi, si nyinyi."

Nikampisha. Baba akatia bega, na kabla hajainua mguu akamwambia yule mzee wa ng'ambo, "Unisamehe. Mimi ndiye sikupiga pembe." Mzee akaguna. Kisha akatoa sauti, na wanaume wake wote wakaja chini ya ile miti miwili, wakipokezana mpaka kwa muunga mifupa, mtu akichoka anamgusa mwenzake. Wa kwetu waliposikia kwamba mkuu wao amevuka, nao wakafuata. Hakuna aliyejua tena nani ni wa engozi ipi.

Mguu wa mama ulipona, ukabaki mfupi kidogo. Aliingia kanisani akichechemea, na baba alimwuliza kila mara kama ameleta kuni.

Tangu wakati huo pembe ikilia tulikwenda wote. Baba alidondosha pombe yake uani peke yake, na sisi wasomaji tulimngoja njiani mpaka amalize. Katekista alinung'unika, kisha akachoka kunung'unika, kisha siku moja nikamkuta naye ametia bega. Kijitoni tulisimama kama zamani na watu wa ng'ambo walikuja kama zamani, ila sasa waliokuwa na nguvu waliendelea pamoja nao, wakipokezana. Hicho ndicho chama ambacho leo kina sare na bendera.

Ile akiba niliyoweka kichwani ilikaa miaka. Niliitoa siku moja mimi na baba tukiwa tumekaa tunatafuna buni, yeye amezeeka na meno yamebaki machache.

"Tata, kile kijito. Kwa nini?"

Alitema ganda la buni. "Mabega hayachoki pale," alisema. "Tungeweza kwenda mpaka Kihanga, kule mbali. Tunasimama ili wao waje. Ukimbeba mgonjwa wako mwanzo mpaka mwisho, umewaambia watu wa ng'ambo kwamba huwahitaji. Nao wataamini."

"Na mbona hukuniambia nilipouliza?"

"Zamani ulikuwa unauliza ili ucheke."

Baba alikufa wakati habari za vita vya Wazungu zilipoanza kufika kwetu. Alikuwa amekwenda ng'ambo kumsalimia dada yake, akalala hakuamka. Hakuwa amebatizwa. Ilibidi aletwe nyumbani azikwe kwenye kibanja chake, na watu wa ng'ambo wakamleta mpaka kijitoni, wakamshusha, wakasimama.

Upande wetu tulikuwa kilima kizima. Wazee wa engozi walikuwapo, wasomaji walikuwapo, katekista alikuwapo akitazama vidole vya miguu yake. Mwungwana alikuwapo, kofia imelowa jasho, kwa sababu habari ilimkuta njiani. Mama alikuwa ameegemea fimbo. Hakuna aliyengoja kuambiwa. Tuliingia majini pamoja, na mimi nikashika mti wa mbele.

Njia ya kurudi kwetu ni mlima mtupu. Watu walianza kunigusa bega mapema. Sikuwapisha. Mmoja alinigusa, nikatikisa bega. Mwingine akanigusa, nikamwambia aende nyuma. Jasho lilikuwa linaingia machoni, na mwendo wa engozi nzima ulikuwa unaharibika kwa ajili yangu. Sikujali. Nilikuwa nimeamua kumfikisha mimi, mwanzo mpaka mwisho.

Mwungwana akaja kutembea kando yangu.

"Nipe bega, mwanangu."

"Huyu ni baba yangu."

"Najua ni baba yako. Lakini ukimbeba peke yako mpaka mwisho, sisi tumekuja kufanya nini?"

Yeye hakuwapo siku ile ya buni na jibu la baba. Hakuna aliyekuwapo ila baba na mimi.

Nilisimama. Engozi nzima ikasimama, na mlima wote ukanisubiri. Kisha nikainama, nikatoka chini ya mti, na bega la Mwungwana likaingia mahali pangu, na nyuma yake nikamwona yule mzee wa ng'ambo mwenye jicho bovu amekwisha kujipanga, akingoja zamu. Ndipo nilipolia. Nilirudi nyuma kwa mama, nikatembea naye kwa mwendo wa mguu wake, na baba akatutangulia nyumbani.